Kwa nini "turn it off" inakubalika na "turn off it" inakataliwa: jibu langu refu

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini "look after it" ni sahihi lakini "turn off it" ikasahihishwa kwa wino mwekundu. Pia umeuliza utajuaje kihusishi kipi (neno dogo kama "for", "with" au "on") kinakwenda na kitenzi kipi, na kwa nini "the man I talked with him" nayo imekatwa. Wachangiaji waliotangulia wanakwambia ukariri tu. Sikubaliani nao. Nimefundisha Kiingereza watu wazima kwa muda mrefu, wote wazungumzaji wa Kiswahili, na makosa yao yanatabirika kwa sababu mengi yanaanzia kwenye lugha yetu wenyewe.

Tukisema "nimekusubiri", neno moja limembeba mtendaji, wakati, mtendwa na tendo. Mwingereza anavitenganisha: "I have waited for you". Kila kipande kinasimama peke yake, na sehemu kilipokaa ndiyo inayokuambia kinafanya kazi gani. Zamani haikuwa hivyo. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi mwishoni mwa nomino vilivyoonyesha nani katenda na nani katendwa. Viambishi hivyo vilianza kudhoofika mapema, na karne chache baada ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066 karibu vyote vilikuwa vimetoweka. Kazi yao ikachukuliwa na mpangilio wa maneno pamoja na vihusishi. Mabaki ya mfumo ule unayaona kwenye viwakilishi: "I" na "me", "he" na "him", "they" na "them". Kinachofuata kihusishi ni umbo la mtendwa, yaani "with me", "for him", "about them". "You" na "it" havibadiliki, kwa hiyo havikupi shida hapo.

Sasa "turn off it". Neno "off" hapa linafanana na kihusishi kwa sura tu. Kwa kazi yake ni sehemu ya kitenzi: "turn off" kwa pamoja ndiyo "zima". Kwenye "look after", neno "after" ni kihusishi kweli, na limeshikamana na kinachofuata. Utatofautishaje? Weka nomino ya kawaida kisha jaribu kuirusha. "Turn off the light" na "turn the light off" zote zinasemwa. "Look after the child" inasemwa, lakini "look the child after" hutaisikia popote. Sheria inatoka hapo: neno lile dogo likiweza kuruka nomino, kiwakilishi lazima kikae katikati. "Turn it off", "pick her up", "throw them away", "call me back". Lisipoweza kuruka, kiwakilishi kinakaa mwishoni: "look after her", "wait for us", "listen to him". Jaribio hili halihitaji kamusi, na wanafunzi wangu waliolizoea waliacha kubahatisha.

Sababu yake naipenda sana. Kiingereza hupenda kuweka jambo jipya na zito mwishoni mwa sentensi. Kiwakilishi kinataja kitu ambacho msikilizaji tayari anakijua, kwa hiyo ni chepesi, kinatamkwa haraka bila mkazo na kuegemea kitenzi. Kwenye "pick him up" sauti ya "h" mara nyingi inamezwa kabisa, na unachosikia kinakaribia "pikimap". Watu wengi wanaolalamika kwamba Waingereza wanaongea haraka mno wanakwama kwenye viwakilishi hivi vidogo vilivyomezwa, wakati maneno makubwa wanayasikia vizuri tu.

Vipo pia vitenzi vyenye maneno mawili baada yake, kama "put up with" na "look forward to". Hivyo havina utata, kiwakilishi kinakuja mwisho: "I can't put up with him."

Kuhusu kihusishi kipi kiende wapi, tazama kwanza Kiswahili kinafanya nini. "Nisikilize", "nisubiri", "nitazame": mtendwa ameingia ndani ya kitenzi na hatuhitaji neno lingine. Ndiyo maana wenzetu husema "listen me", "wait me", "look me". Kiingereza kinadai "listen to me", "wait for me", "look at me". Kuna upande wa pili, ambao kwa maoni yangu ni mgumu zaidi kwa sababu hakuna anayeuonya: pale sisi tunapoweka "na" au "kuhusu" na wao hawaweki kitu. Tunajadiliana kuhusu jambo, wao "discuss it". Mtu anafanana na baba yake, wao "he resembles him". Anaoana na mtu, wao "she married him". Ukiandika "discuss about it" umeongeza kihusishi ambacho kitenzi hakikukiomba.

Kauli yetu ya kutendea, ile ya kumfanyia mtu jambo, nayo inachangia. "Nielezee" inamzaa "explain me", kwa kuwa "nipe" ni "give me" na mtu anadhani vyote viko kundi moja. Vitenzi vifupi vya asili ya Kijermaniki (familia ya lugha yenye Kiingereza na Kijerumani) kama "give", "tell", "send" na "show" vinakubali watendwa wawili mfululizo: "show me the letter". Vingi vilivyotoka Kilatini na Kifaransa, kama "explain", "describe" na "suggest", vinataka "to": "explain it to me". Vipo vinavyoasi ("offer" na "promise" vinakubali njia zote mbili), lakini mgawanyo huu utakusaidia mara nyingi zaidi ya kukwamisha.

Kwa hiyo, orodha za vihusishi peke yake ziweke pembeni. Andika kitenzi pamoja na kiwakilishi chake kama kifurushi kimoja, "wait for me", "depend on them", "turn it off", kisha ukitamke kwa sauti mpaka kitoke bila kufikiri. Ukijifunza "depend" leo na "on" wiki ijayo, siku ya kuongea hazitakutana.

Limebaki swali lako la mwisho. "Mtu niliyezungumza naye" ni Kiswahili safi, na ile "naye" ni ya lazima. Ukiihamisha unapata "the man I talked with him". Kiingereza kinaacha nafasi ile wazi: "the man I talked with". Vivyo hivyo "kiti ninachokalia" ni "the chair I sit on", bila "it". Ni ndugu wa kosa la "my brother he is sick", ambapo kiambishi cha "anaumwa" kinatafutiwa "he" ingawa "my brother" ameshatajwa.

Wengi wanaongeza lile "him" kwa sababu sentensi inayoishia na kihusishi inaonekana kukatika. Kuna na walimu wanaokataza kabisa. Katazo hilo ni la zamani: mshairi John Dryden alilalamikia vihusishi vya mwishoni mwaka 1672, na vitabu vya sarufi vikaja kulikuza kuwa kanuni. Kwenye mazungumzo na ujumbe wa kawaida andika "the man I talked with" bila wasiwasi. Kwenye barua rasmi sana unaweza kutumia "the man with whom I talked", ukiangalia tu kwamba "whom" ndilo umbo linalofuata kihusishi, kama "him" na "them".