"Tukirudi tutakula": if ya Kiingereza kwa mnaoanza kutembeza wageni Lamu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kutembeza wageni hapa Amu, hii if naisikia ikiwasumbua wengi pale gatini, na mimi ilinisumbua miaka, nilichokijua nimekijulia kwenye boti.

Siku moja tunatoka Manda Toto, mama mmoja wa Kizungu akaniuliza watakula saa ngapi, mie kichwani nina "tukirudi Lamu tutakula", mdomoni ikatoka "If we get back to Lamu, we will eat." Mama wa watu akamshika mumewe mkono, akaitazama bahari, halafu akaniuliza taratibu kama boti ina shida. Kumbe -ki- yetu inabeba la hakika na la huenda, Kiingereza kinayatenga, kurudi ni hakika kwa hivyo ni "When we get back", upepo kulala ndiyo huenda, "If the wind drops, we will use the engine." Na hapo wengi wanaanguka, wanasema "if the wind will drop" kwa sababu jambo lenyewe bado halijafika, lakini will haikai upande wa if jamani, inakaa upande wa pili tu.

Jambo la siku zote hata hiyo will haliihitaji, samaki ukimuacha juani huoza, "If you leave fish in the sun, it goes bad", basi.

Ukija kwa -nge-, "Ningekuwa na jahazi kubwa ningewachukua nyote", sema "If I had a bigger dhow, I would take all of you." Ile had usidhani ni ya jana, maana yake ni sasa hivi, jahazi sina. Na kwenye mtihani andika "If I were you", were hata kwa I.

Sasa -ngali-. Wazee wanatenganisha vizuri tungeondoka na tungaliondoka, sisi tunatia -nge- kote, ndiyo maana tunateleza. Nilikwama na wageni kwenye mkondo wa Mkanda, maji yamekupwa, mikoko huku na huku, nikawaambia "If we left at seven, we would pass", wakafurahi, wakaanza kupangana kuamka mapema kesho, na mie nasikitikia asubuhi ile ile iliyokwisha kupita! Ilitakiwa "If we had left at seven, we would have passed." Had upande wa if, would have upande wa pili, msiandike "if we would have left" mwalimu atawakata. Halafu saa moja yetu ndiyo seven yao, hilo nalo mlishike.

Mie hadi leo sentensi ikinitatiza naisema kwanza kimoyomoyo kwa -ngali-, ikikaa sawa, yaani jambo limeshapita na halirudi, najua nahitaji had, ndipo nafungua mdomo.