Hendibreki ya gari langu iko wapi?

Fundi, nimenunua Prius iliyotoka Japani. Katikati ya viti hakuna hendibreki. Ipo kweli?

Ipo, dada. Tazama chini, kushoto kabisa, karibu na pale unapopumzisha mguu: kuna pedali ndogo. Ikanyage mpaka ikaze. Kuiachia, kanyaga breki ya kawaida kwa mguu wa kulia, kisha ikanyage tena, itapanda yenyewe. Kama umezoea gari la manyuo, mguu wa kushoto uutulize, maana utaitafuta klachi na kukutana na hendibreki gari likiwa mwendoni. Kwenye Hiace nyingi ni fimbo ya kuvuta chini ya dashibodi. Unaizungusha kidogo ili irudi.

Langu ni automatiki. Nikishaweka P, hendibreki ya nini?

Swali hili naulizwa kila mara, na jibu langu halibadiliki: vuta hendibreki kila unapoegesha. P ni kijino cha chuma ndani ya gia boksi kinachoingia kwenye meno ya gia ili shafti isizunguke. Ukiegesha kwenye mlima kama ule wa Bugando, Mwanza, uzito wote wa gari unakilalia hicho kijino. Ndiyo maana asubuhi ukitoa P gari linagonga "ka!" Kikikatika, gari linaondoka lenyewe, na huko chini watu wanapita, watoto wanacheza.

Gari likisimama, mguu ubaki kwenye breki. Weka N (gia huru), vuta hendibreki, achia mguu taratibu mpaka uzito ukae kwenye hendibreki. Kanyaga breki tena, ndipo uweke P. Mwenye gari la manyuo aache gia namba moja akiwa ameelekea mlimani, rivasi akiwa ameelekea bondeni. Tairi za mbele zikate kuelekea ukingo wa barabara, gari likiteleza lisiingie njiani. Jiwe la kuzuia tairi upande wa bondeni ni nyongeza nzuri, ila ukiondoka liondoe barabarani, tafadhali.

Langu lina kitufe chenye P ndani ya duara.

Hiyo ni ya umeme. Kwenye magari mengi unakivuta juu kufunga. Kuachia, washa gari, kanyaga breki, kibonyeze. Betri ikifa kabisa haitaachia, basi boosti kwanza, usilazimishe kulikokota. Breki ya mguu ikigoma mwendoni, kivute ukishikilie bila kukiachia mpaka gari lisimame.

Nimeendesha na hendibreki ikiwa imevutwa, nikasikia harufu ya kuungua.

Simama pembeni, iachie, subiri tairi za nyuma zipoe. Usimwage maji wala usishike rimu. Kisha fundi afungue aangalie breki za nyuma. Na kama taa nyekundu haizimi hata baada ya kuiachia, angalia mafuta ya breki kabla hujaondoka: kwenye magari mengi taa hiyo hiyo huonya yakipungua.