Jibu: Je, chembe nano zitamaliza chanjo ya mafua ya kila mwaka?

Ndugu, umeuliza iwapo chanjo za chembe nano (vijitufe vidogo mno vinavyobeba vipande vya kirusi) zitatuondolea kuchanjwa homa ya mafua kila mwaka. Chanjo za sasa huelekeza kingamwili, yaani protini za mwili zinazopambana na vijidudu, hasa kwenye kichwa cha hemaglutinini, protini iliyo juu ya kirusi, na kichwa hicho ndicho kinachobadilika upesi. Shina lake hubadilika polepole, ila kwa kiasi kikubwa mwili hulipuuza. Kwa sababu hiyo watafiti wa Marekani walichukua feritini ya bakteria, protini inayohifadhi chuma, ambayo vipande vyake 24 hujiunga vyenyewe kuwa tufe, wakaipachika mashina manane yasiyo na vichwa. Majaribio kwa binadamu yalianza mwaka 2019, na kingamwili dhidi ya shina zilionekana. Hata hivyo, kuwa na kingamwili si sawa na kuthibitika kukingwa na ugonjwa, hivyo usiache chanjo ya msimu.