Ukianza kujifunza ustahimilivu wa tabianchi, anzia Bangladesh

Wanaoingia katika masomo au kazi ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi huniuliza waanzie wapi barani Asia, nami huwaelekeza Bangladesh, kwa sababu huko mtu anaweza kufuatilia hatua kwa hatua jinsi vifo vya vimbunga vilivyopunguzwa. Kimbunga cha Novemba 1970, kilichopiga kisiwa cha Bhola na mwambao wa jirani, kiliua watu wanaokadiriwa kufikia 300,000 au zaidi. Cha Aprili 1991 kiliua takriban 138,000. Kimbunga Sidr cha mwaka 2007 kiliua zaidi ya 3,000. Na kimbunga Amphan kilipofika Mei 2020, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa mapema, na waliokufa nchini humo hawakufika 100. Vimbunga hivi havikulingana nguvu wala mahali vilipopiga, kwa hiyo tarakimu zisomwe kwa tahadhari, ingawa mwelekeo wake uko wazi.

Msikimbilie kuzisifu setilaiti peke yake. Hata mwaka 1970 kimbunga kilionekana kabla hakijafika pwani. Kilichokosekana ni njia ya kufikisha habari kwa mvuvi na mkulima wa visiwani, na jengo la kukimbilia pindi maji ya bahari yanapopanda. Mwaka 1972 ulianzishwa mpango wa kujiandaa na vimbunga, ambao leo unaendeshwa na serikali pamoja na shirika la misaada la Hilali Nyekundu na una watu wa kujitolea zaidi ya 70,000. Hawa hupita vijijini na vipaza sauti na ving'ora vya kuzungusha kwa mkono, na hupandisha bendera moja, mbili, kisha tatu kadiri hatari inavyoongezeka. Anayebisha hodi ni jirani, na nadhani ndiyo sababu kubwa ya kusadikiwa.

Sehemu ninayowasihi mkae nayo kwa muda mrefu ni habari za mwaka 1991. Miongoni mwa watu wazima wa miaka 20 hadi 44, wanawake walikufa kwa kiwango cha zaidi ya mara nne ya wanaume. Wengi walibaki nyumbani na watoto wakisubiri waume zao warudi, wengine waliona haya kubanana na wanaume wasiowajua, na sari zilizolowa ziliwazuia kuogelea. Ndiyo maana majengo ya kukimbilia yaliyojengwa baadaye yalitengewa vyumba na vyoo vya wanawake, na wanaojitolea sasa karibu nusu yao ni wanawake. Vilevile yalijengwa matuta makubwa ya udongo ya kuhifadhia ng'ombe, kwani familia nyingi zilikataa kuondoka na kuacha mali yao yote zizini. Mkipewa takwimu za vifo, ulizeni kwanza ni nani waliokufa na nini kiliwazuia kuondoka.

Tena msiishie kwenye vifo. Kimbunga Aila cha mwaka 2009 kiliua watu wachache zaidi kuliko Sidr, lakini kilibomoa kingo za udongo za kuzuia maji kusini magharibi mwa nchi, maji ya chumvi yakaingia mashambani na kwenye mabwawa ya kunywa, na baadhi ya vijiji vilikaa majini zaidi ya mwaka mmoja, wakazi wake wakiishi kwenye vibanda juu ya kingo zilizosalia. Tathmini inayohesabu waliookolewa usiku wa kimbunga tu haiwezi kuwaona watu hao.