Maswali ya Wasomaji: Jezi, Madawati na Vumbi la Kokoto

SWALI: Ndugu Mhariri, kijijini kwetu wilayani Bahi, mkoani Dodoma, kipo kiwanda cha kokoto ambacho hupasua mwamba kwa baruti na kusafirisha mzigo kwa malori yanayopita mbele ya shule. Mwaka jana kilitoa jezi kwa timu ya vijana na madawati 30, nasi tukapiga picha na kushukuru. Vumbi liko palepale, na nyumba zinazidi kupata nyufa. Je, msaada huo ni hisani, au tuna haki ya kudai zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, ninyi mnakiita kiwanda, lakini anayechimba mwamba kwa ajili ya ujenzi anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Madini, na hapo ndipo mlango wenu ulipo. Kifungu cha 105 cha sheria hiyo, kwa marekebisho ya mwaka 2017, kinamtaka mwenye haki ya madini, yaani mwenye leseni kama hiyo, aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, akubaliane na halmashauri, na azingatie vipaumbele vya halmashauri hiyo, ambayo nayo imepewa kazi ya kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi husika. Kama madawati yale yamo katika mpango, hayakuwa hisani. Kama hayamo, ulizeni mpango wenyewe uko wapi. (Kiwanda cha kukamua alizeti, kwa mfano, hakibanwi na kifungu hiki.)

Vipaumbele hivyo havina budi kuanzia kwenu. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao hukutanisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Yakiamuliwa humo mambo mawili au matatu, yakaandikwa katika muhtasari na kupitishwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, halmashauri itakuwa na hoja ya kupeleka mezani. Kijiji kisichoandika kitu kitaendelea kupokea jezi.

Vumbi na nyufa ni suala jingine, wala lisichanganywe na misaada, kwani madawati hayalipii mapafu ya mtoto. Vumbi la mwamba wenye kwatsi nyingi (madini magumu kama kioo) likivutwa kwa miaka mingi huleta ugonjwa wa mapafu usiopona. Njia za kuzuia vumbi hilo zinajulikana: kumwagia maji mawe yanaposagwa na barabara ya malori, kufunika mzigo kwa turubai na kupunguza mwendo karibu na shule. Lakini Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na vumbi huwa kali pale maji yanapokuwa haba. Kwa hiyo ulizeni boza la kiwanda linachota wapi, maana likichota katika kisima chenu mtakuwa mmebadilishana tatizo moja kwa jingine. Kuhusu nyufa, ombeni ratiba ya ulipuaji, king'ora kabla ya kila mlipuko, na kuta zote zipigwe picha sasa mbele ya Mtendaji wa Kijiji, ili ufa mpya utambulikane.

Malalamiko ya vumbi yapelekwe kwa maandishi kwa afisa mazingira wa halmashauri, na nakala kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira. Ya leseni na baruti yapelekwe kwa Afisa Madini Mkazi, Dodoma. Kila barua igongwe mhuri wa kupokelewa, na nakala yake ibaki katika ofisi ya kijiji.