Mwanasheria Mkuu si Wakili Mkuu

Dada, umeuliza mwanao anayesoma sheria Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) atafikaje kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Shahada peke yake haitoshi, lazima apite Shule ya Sheria, Dar. Akiajiriwa ataanzia chini kama Wakili wa Serikali: kubeba majalada, kupekua mikataba kifungu kwa kifungu pale Mtumba, mji wa serikali Dodoma, mpaka macho yaume. Uandamizi huja polepole. Katiba, ibara ya 59, inataka awe na sifa za uwakili kwa miaka isiyopungua 15, na Rais ndiye anayeteua. Cheo chenyewe kinampa ubunge. Wakili Mkuu wa Serikali ni mtu mwingine, ofisi yake ilianzishwa 2018. Huyo ndiye huitetea serikali kwenye kesi za madai. Ukitaka mfano, mtazame Masaju: Mwanasheria Mkuu, kisha jaji, na mwaka 2025 akawa Jaji Mkuu.