Mwanangu, Usiitume Barua Hiyo Leo

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili usiku nimeusoma mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama jikoni, mara ya mwisho nikiwa kitandani saa kumi alfajiri, usingizi umekataa. Umeniuliza: "Mama, niache kazi au nivumilie? Nimeisha." Ukaongeza kwamba barua ya kuacha kazi umeshaiandika, iko kwenye simu, imebaki kutumwa tu. Sikutaka kukujibu kwa simu, maana ungesikia sauti yangu inatetemeka ukaanza kunituliza mimi, kama ulivyozoea tangu baba yako atutoke.

Nianze na kilichonitisha. Kukosa usingizi kunatisha, na kichwa kuuma kila Jumatatu, na zile simu za meneja wako wa benki saa nne usiku kuuliza marejesho ya mkopo wa kikundi fulani yamefikia wapi. Lakini katikati ya ujumbe wako kuna mistari miwili ambayo uliiandika haraka kama jambo dogo. Umesema kuna mama mwenye deni la genge la mboga alilia mbele ya meza yako wiki iliyopita, na wewe ukawa unaangalia saa ya ukutani ukihesabu wateja waliobaki. "Sikuhisi chochote, mama. Hata huruma." Wewe, uliyekuwa ukigoma kula kuku tuliyemfuga wenyewe.

Ubaridi huo naujua. Uliniingia mimi, wewe ukiwa darasa la tatu, na sijawahi kukusimulia vizuri.

Unakumbuka nilifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki. Pengine unachokumbuka ni harufu tu, na jinsi ulivyokuwa ukinishika mikono jioni ukisema ni ya baridi kama ya mtu aliyefariki. Tuliingia zamu saa kumi na moja alfajiri. Buti nyeupe, aproni, kofia ya kufunika nywele, unakanyaga maji yenye klorini ndipo uingie ndani. Sangara wanashuka kutoka kwenye barafu, kisu kinapita mgongoni, minofu inakwenda mbele kwenye laini, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yanatupwa kwenye mapipa, mabondo, vile vifuko vya hewa vya samaki, yanawekwa kwenye ndoo yake inayolindwa kama dhahabu. Nilianza na kisu, baadaye wakanipa usimamizi wa zamu. Mshahara ukapanda kidogo. Kelele zikapanda zaidi.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulikuwa umezuia samaki wa ziwa letu, kwa hofu kwamba kuna wavuvi wanaotumia sumu. Sisi wa viwandani tulikaa nyumbani bila kujua kesho. Soko lilipofunguliwa tena tulirudi na woga ambao haukututoka: mkaguzi akikuta kosa moja, tunarudi tena nyumbani. Basi kila tani ya siku ikawa suala la kufa na kupona. Nilikaa miaka miwili bila kwenda likizo hata ya wiki, na nilijisifu kwa hilo. Mwanangu, nilijisifu. Nilikuwa nawaambia akina mama wa mtaani kwamba kiwanda kile bila mimi hakiendi.

Siku moja mwaka 2004 binti mmoja mgeni kwenye laini alijikata kidole. Kisu cha minofu kikikata mtu hakiulizi, kilifika karibu na mfupa. Akaninyooshea mkono, damu inashuka hadi kwenye kiwiko, macho yamemtoka. Na mimi, mbele ya Mungu, wazo la kwanza lililonijia lilikuwa minofu iliyo mbele yake itachafuka. Nikamfokea atoe mkono kwenye meza. Alikuwa na miaka kumi na tisa hivi. Alinitazama kwa namna ambayo naiona mpaka leo nikifumba macho.

Siku ya tatu yake, Alhamisi, meneja alinipigia kelele mbele ya zamu nzima kwa sababu ya kuchelewa kwa robo saa. Nilivua aproni, nikaitupa kwenye pipa la mapanki, nikatoka getini bila kusema neno. Sikutoa notisi wala sikuandika barua, na nyumbani akiba hakukuwa na hata shilingi. Mshahara wa mwezi ule sikulipwa. Tuliishi miezi minane kwa uvuvi wa baba yako peke yake, na ndiyo ile miezi uliyokuwa ukirudishwa nyumbani kwa ajili ya michango ya shule. Ulidhani tumesahau kukupa. Hatukuwa nayo.

Kuondoka sijutii hata leo. Namna nilivyoondoka ndiyo inayoniuma, kwa sababu niliamua nikiwa sina akili ya kuamua. Mtu aliyefika pale nilipofika mimi, na ulipofika wewe, anaona milango miwili tu, kubaki afe au kutoka mbio. Milango mingine ipo, ila macho yamechoka kuiona.

Baba yako hakunigombeza. Alinichukua nikakae naye kambini Ukerewe, wewe ukabaki kwa bibi. Nilifika siku za mbalamwezi zimeanza. Nikakuta mitumbwi imevutwa mchangani, wanaume wameketi chini ya mti wanashona nyavu, wengine wanasafisha karabai, wengine wamelala fofofo saa nne ya asubuhi. Mimi niliyetoka kiwandani nikaona ule ni uvivu mtupu, nikamwambia hivyo. Wewe unajua alivyokuwa anajibu, polepole huku mkono unafanya kazi. Akasema, "Mwezi ukijaa dagaa hawaji kwenye taa. Ukienda utachoma mafuta tu." Akaendelea kushona. Nilikaa pale siku nyingi, na karibu siku kumi za mwanzo nililala usingizi kama mgonjwa. Kisha nikaanza kusikia njaa. Kisha siku moja mtoto wa jirani akaanguka akalia, nikajikuta nimeshamnyanyua kabla sijafikiri. Hapo nikajua nimerudi.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hili: usiitume barua hiyo sasa. Omba likizo. Umeniambia mara ya mwisho kupumzika ni mwaka juzi ulipokuja kwenye arobaini ya babu yako, na hata hapo ulikuwa nje kwenye mchongoma unaongea na ofisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, iliyotungwa mwaka ule ule nilipotupa aproni, inakupa siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Hiyo ni haki yako, wala huendi kumwangukia mtu. Na simu ya ofisi uiache Dar, au uizime ukiwa bado kwenye basi.

Nimefanya na hesabu nyingine. Unaingia saa moja asubuhi, unatoka saa mbili usiku, siku sita. Nikitoa saa moja ya chakula, ambayo najua huli, ni saa 72 kwa wiki. Sheria inasema saa za kawaida zisizidi 45, na za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, tena zinalipwa mara moja na nusu. Wewe kwa wiki nne una saa 108 za ziada, na umesema hujawahi kulipwa hata moja. Sikuambii haya ukapigane kesho. Nakuambia kwa sababu umeandika "labda mimi ni dhaifu, wenzangu wanaweza." Udhaifu gani, mama yangu? Umebeba kazi ya watu wawili karibu miaka mitatu.

Nilimsomea mama yako mdogo kipande cha ujumbe wako, unisamehe, lakini yeye ni muuguzi na mimi nilihitaji mtu wa kuniambia ukweli. Akasema hali hiyo Shirika la Afya Duniani liliieleza mwaka 2019, na hawakuiita ugonjwa. Waliiita hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Dalili zake akanitajia tatu: nguvu kuisha, moyo kuwa mbali na kazi au kuidharau, na kuona hufanyi chochote cha maana. Nikakaa kimya. Zote tatu umeziandika kwa mkono wako bila mtu kukuuliza.

Ila alinionya kwa sauti kali. Kama unalia karibu kila siku, kama hata Jumapili mambo uliyoyapenda hayakufurahishi, kama umewahi kuwaza kwamba afadhali usiamke, hilo limevuka kazi. Huenda ni sonona, na sonona inatibiwa hospitali, haingoji likizo wala maombi peke yake. Naomba unijibu hili kwa ukweli hata kama mengine hutayajibu. Kama ni hivyo, usisubiri basi la kuja huku, nenda hospitali hapo hapo Dar na unipigie, nitakuja mimi. Siku za ugonjwa zimo kwenye sheria vilevile, 126 katika miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara.

Sasa niseme jambo ambalo nimelikwepa tangu nianze kuandika. Katika mzigo huo mimi nimo. Nilipokuomba bati za nyumba ya bibi, ulituma. Nilipokueleza ada ya mdogo wako chuoni, ulituma ya muhula mzima. Sokoni Mwaloni, kila mteja wangu wa dagaa anayekaa kwenye kigoda changu anajua nina binti benki, mpaka wale wanaotoka Burundi. Niliona fahari, sikuona kwamba kila ninapokusifu nakufungia mlango. Uliandika, "Nikiacha, nitamwambiaje mdogo wangu?" Mdogo wako nimeshaongea naye. Mwaka huu tutauza lile shamba dogo la Sengerema ambalo halilimwi, ada itapatikana, na likizoni atabeba magunia Mwaloni kama vijana wengine. Wewe kuanzia mwezi huu usitume kitu. Ukituma nitakirudisha.

Tuje kwenye kuacha kwenyewe. Siku ishirini na nane zikipita, ukiwa umelala, umekula, umekaa ziwani, ukiona moyo unaitamani kazi ila si ile kazi kwa namna ile, basi ongea na wakubwa wako wakuhamishie idara nyingine au tawi lingine. Wakikataa, umejua. Na ukiona siku ya kurudi inakaribia na tumbo linaanza kukata upya, mwili umeshajibu, na mimi nitasimama nyuma yako mbele ya mtu yeyote. Lakini safari hii tutoke kwa mpango. Kodi ya nyumba umelipa mpaka lini? Ule mkopo wa wafanyakazi unaokatwa kwenye mshahara, ukiondoka riba inabadilika au wanautaka wote kwa mkupuo? Soma mkataba, usimuulize mtu wa ofisini. Bima ya afya inakoma siku gani? Fao la kukosa ajira la NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, usilipigie hesabu, ni la aliyeachishwa, si la aliyeondoka kwa hiari yake. Weka kando fedha ya kula miezi sita, hata kama ni kwa kuhamia chumba kimoja. Kisha toa notisi yako ya siku 28 kwa maandishi, kabidhi mafaili yote kwa sahihi, udai cheti chako cha utumishi. Toka kwa mlango wa mbele umevaa viatu vyako. Miezi minane ile sitaki uipitie.

Na yule mama wa genge. Kabla hujaja likizo, kama deni lake liko mikononi mwako, mwite umwombe radhi. Angalia kama anaweza kupangiwa upya marejesho. Mimi yule binti wa kidole nilimtafuta baada ya mwaka mzima, nikaambiwa amerudi kwao Magu. Sikumpata tena.

Baba yako asingekuona mwoga. Umeniuliza hilo mwishoni kabisa, baada ya "usiku mwema", kwa hiyo najua ndilo lililokusumbua zaidi. Mwanaume yule alikuwa akirudisha mtumbwi nusu ya njia akiona wingu limekaa vibaya upande wa kisiwa cha Ukara, na wenzake walimcheka. Alifariki kitandani kwake, umemshika mkono.

Barua uliyoiandika usiifute. Njoo nayo, tutaisoma pamoja hapa barazani, tuone kama bado inasema unachotaka kusema. Kesho ukifika ofisini chukua fomu ya likizo kabla hujawasha kompyuta, ujaze tarehe, unitumie. Nitakupokea stendi ya Nyegezi hata kama basi litafika usiku. Matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yapo, sato nitamwagiza asubuhi ya siku hiyo, na chumba chako nimeshatoa magunia ya dagaa, dirisha liko wazi harufu itoke.

Mama yako